Swali la lugha: Gemu hugunduliwa, huvumbuliwa au hubuniwa?

SWALI: Msomaji anayehariri makala kuhusu historia ya gemu za video ameniletea sentensi tatu kutoka katika rasimu yake: "Alexey Pajitnov aligundua Tetris", "Ralph Baer alivumbua gemu za video" na "Allan Alcorn alitengeneza Pong". Anauliza kama vitenzi hivi vitatu vinaweza kubadilishana nafasi bila kuharibu maana. Anauliza pia kama anapaswa kuandika "Pac-Man ilibuniwa" au "Pac-Man alibuniwa".

JIBU: Haviwezi kubadilishana. Kati ya sentensi hizo tatu, ya kwanza ina kosa la kitenzi, ya pili ina kitenzi kizuri kilichobebeshwa yambwa (kile kinachotendwa) pana mno, na ya tatu ni sahihi lakini ina utata ambao mhariri makini angeuondoa.

Nianze na kugundua, kwa sababu ndicho kitenzi kinachotumiwa vibaya zaidi. Kugundua ni kutambua jambo au kitu ambacho tayari kipo, ila kilikuwa hakijaonekana au hakijajulikana: daktari hugundua ugonjwa, mkaguzi hugundua wizi, na mtu humgundua mwenzake anayedanganya. Tetris haikuwa imejificha mahali ikisubiri kuonekana. Katikati ya miaka ya 1980, Pajitnov, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Kisovieti jijini Moscow, aliuchukua mchezo wa zamani wa kupanga vipande vyenye miraba mitano, akaipunguza miraba hiyo kuwa minne, akapata maumbo saba, kisha akayafanya yaanguke kutoka juu ya skrini. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuwa na uwezo wa kuchora picha, kwa hiyo vipande hivyo vilionyeshwa kwa mabano ya kawaida ya maandishi. Kazi ya namna hii, ya mtu kukipa kitu umbo ambalo halikuwapo kabla hajalifikiria, jina lake kwa Kiswahili ni kubuni. Kwa hiyo Pajitnov alibuni Tetris.

Hata hivyo, simulizi hiyo hiyo ina mahali ambapo kugundua kunastahili kabisa, na hapo ndipo tofauti ya vitenzi hivi inapoonekana waziwazi. Pajitnov alipoijaribu gemu yake mara za mwanzo, aligundua kwamba skrini inajaa upesi na mchezo unakwisha kabla haujanoga. Akabuni kanuni ya kuufuta kila mstari unaokamilika. Alichokigundua kilikuwa kasoro iliyokuwapo, na alichokibuni kilikuwa dawa ya kasoro hiyo. Ukivibadilisha vitenzi hivyo nafasi, ukasema kwamba alibuni kasoro akagundua kanuni, utakuwa umemsingizia.

Mfano wa pili ni wa Tomohiro Nishikado, aliyeibuni Space Invaders kwa kampuni ya Taito ya Japani mwaka 1978. Gemu hiyo huanza na wavamizi 55 waliopangwa kwa safu, na kichakata (sehemu ya mashine inayofanya hesabu zote) cha wakati ule kilielemewa na kazi ya kuwachora wote kwa pamoja, hivyo wakawa wanasogea polepole. Kadiri mchezaji alivyowaangamiza, ndivyo kichakata kilivyopata nafuu na ndivyo waliosalia walivyoongeza mwendo. Nishikado hakuipanga hali hiyo tangu mwanzo; aliigundua, akaona kwamba inazidisha msisimko, akaiacha kama ilivyo. Mwandishi akisema kwamba Nishikado "alibuni" kasi hiyo, atampa sifa ya mpango ambao hakuwa nao na kumnyima sifa anayostahili, yaani jicho la kutambua kwamba udhaifu wa mashine umemletea faida.

Wapo pia wagunduzi wengine ambao historia hii huwasahau, nao ni wachezaji. Wakati huo Atari, kampuni ya gemu ya Marekani, haikuwa ikiyaandika majina ya wabunifu kwenye gemu zake, jambo lililowakera wengi wao. Mwaka 1979 baadhi waliondoka wakashiriki kuanzisha kampuni ya Activision. Warren Robinett alichagua njia nyingine. Ndani ya gemu yake Adventure, iliyotoka mwaka 1980, alificha chumba ambacho hakikuweza kufikiwa ila na mchezaji aliyeokota kidoti kimoja kilichofanana rangi na sakafu na kukibeba hadi mahali maalumu. Humo chumbani aliandika kwamba gemu hiyo imebuniwa na Warren Robinett. Kampuni haikujua chochote hadi mchezaji mmoja kijana alipokiona chumba hicho na kuiandikia barua, wakati Robinett mwenyewe amekwisha kuondoka. Robinett alikibuni chumba, kijana akakigundua. Hapo kila kitenzi kimekaa mahali pake.

Kuvumbua kunahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa kitenzi hiki kimesogea. Kwa asili kinakaribiana sana na kugundua, maana mtu huvumbua kilichofunikwa au kilichozikwa. Katika matumizi ya leo, hasa katika maandishi ya sayansi na sheria, mvumbuzi ni yule anayeleta chombo au mbinu mpya ya kiufundi, na uvumbuzi ndio unaolindwa kwa hataza, yaani hati ya kisheria ya haki za mvumbuzi. Ninayakubali matumizi haya mapya, kwanza kwa sababu yameshika mizizi, na pili kwa sababu yanatupatia kitenzi cha kueleza kazi ya mhandisi bila kuichanganya na kazi ya msanii. Ralph Baer alikuwa mhandisi. Mwaka 1966 alianza kuifikiria namna ya kuifanya televisheni ya kawaida ichezewe, na akiwa na wenzake Bill Harrison na Bill Rusch katika kampuni ya Sanders Associates nchini Marekani, aliunda kisanduku ambacho baadaye kiliuzwa na kampuni ya Magnavox, mwaka 1972, kwa jina la Odyssey. Kazi yake ililindwa kwa hataza, na hataza hizo ziliifikisha Atari mahakamani. Kumwita Baer mvumbuzi ni haki yake.

Kosa la sentensi ya pili, basi, liko katika yambwa. "Gemu za video" ni neno pana linalojumuisha hata kazi zilizotangulia chombo cha Baer: mwaka 1958 William Higinbotham aliwaonyesha wageni wa maabara ya Brookhaven nchini Marekani mchezo wa tenisi kwenye kioo cha osiloskopu, chombo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, na mwaka 1962 Steve Russell na wenzake wa chuo cha MIT walikuwa wakipigana kwa vyombo vya angani katika Spacewar!, kwenye kompyuta ya PDP-1. Andika kwamba Baer alivumbua mashine ya nyumbani ya kuchezea gemu kwenye televisheni, na hutapata wa kukupinga. Tahadhari hiyo hiyo inamhusu Jerry Lawson, ambaye siku hizi hutajwa mara kwa mara kuwa ndiye aliyevumbua kaseti za gemu, zile zinazochomekwa kwenye mashine ili kubadilisha gemu. Wazo la kaseti na mfano wake wa kwanza vilitoka kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ya Alpex. Lawson aliiongoza timu ya wahandisi wa Fairchild iliyoliendeleza wazo hilo hadi likawa bidhaa ya kuuzwa madukani, Channel F, mwaka 1976. Kitenzi cha Lawson ni kuongoza, na kingine ni kuendeleza. Vyote viwili ni vikubwa vya kutosha. Sioni sababu ya kumwazima kitenzi cha wengine.

Tunafika kwa Alcorn na kutengeneza. Kitenzi hiki kina maana mbili ambazo msomaji hukutana nazo kila siku: kufanya kitu kiwepo, na kurekebisha kitu kilichoharibika. Kwa kawaida muktadha huondoa utata, lakini Pong imetuletea bahati mbaya ya pekee. Mwaka 1972 Nolan Bushnell, mwasisi mwenza wa Atari, alimpa Alcorn kazi ya kuunda mchezo rahisi wa tenisi kama zoezi la kujifunzia. Mashine ya kwanza iliwekwa katika baa moja mjini Sunnyvale, California, na baada ya muda ikaacha kufanya kazi. Alcorn, kama alivyosimulia mwenyewe, alikwenda kuitazama akakuta kwamba kisanduku kimefurika sarafu. Alcorn, basi, alitengeneza Pong, kisha akaenda kutengeneza Pong, na sentensi ya msomaji wetu haituambii ni lipi kati ya hayo linalozungumzwa. Kuunda kunafaa zaidi. Kitenzi hicho kimezoea kubeba kazi ya kuunganisha sehemu nyingi ziwe chombo kimoja, kama ilivyo kwa majahazi, na Pong ya mwanzo haikuwa na programu hata moja. Ilikuwa saketi tupu, yaani njia za umeme na vipuri vyake, zilizounganishwa kwa mkono.

Kwa gemu zilizofuata, ambazo kazi imegawanywa kati ya watu kadhaa, ningemshauri mhariri aachane na kutafuta kitenzi kimoja cha kuwafunika wote. Tuichukue Mystery House ya mwaka 1980. Roberta Williams alitunga kisa na kuchora picha. Mumewe, Ken Williams, aliandika programu. Maelezo hayo yana vitenzi vitatu kwa watu wawili na hayahitaji ufafanuzi. Mtu akiandika badala yake kwamba "Ken Williams alitengeneza Mystery House kwa msaada wa mkewe", atakuwa amemfanya mtunzi kuwa msaidizi, na hapo lawama haiendi kwenye kitenzi peke yake bali pia kwenye maneno "kwa msaada wa", ambayo huwekwa kwa wepesi mno pale panapostahili "kwa kushirikiana na". Kutunga, kwa njia, kumehifadhi heshima yake katika fasihi na muziki, na sioni haja ya kukuhamishia kwenye saketi au kanuni za mchezo: Koji Kondo alitunga muziki wa Super Mario Bros. mwaka 1985, naye ni mtunzi kwa maana ile ile tunayoijua sote. Anayepanga kanuni, hatua na vikwazo ni mbunifu wa gemu. Wapo wanaopendelea msanifu. Silikatai, ila masikioni mwangu neno hilo linavuta zaidi kwenye majengo.

Swali la Pac-Man linajibika kwa haraka, maana jibu liko katika kiambishi. Jina hilo ni la gemu na pia ni la mhusika wake. Ukiwa unaizungumzia gemu, fuata ngeli ya neno gemu: Pac-Man ilibuniwa na Toru Iwatani wa kampuni ya Namco, ikatoka mwaka 1980. Ukiwa unamzungumzia yule wa rangi ya manjano anayemeza vidoti, yeye ni kiumbe ndani ya kisa, na Kiswahili humpa upatanisho wa viumbe hata kama hana zaidi ya mdomo: Pac-Man alibuniwa, Pac-Man anakimbizwa na mizimu. Yambwa nayo hufuata utaratibu huo, kwa hiyo "Iwatani aliibuni" na "Iwatani alimbuni" ni sentensi mbili zenye habari mbili. Mwandishi aliyezoea kusema "mchezo wa video" badala ya gemu ataandika "ulibuniwa" na "aliubuni", mradi asichanganye mitindo miwili katika aya moja. Mario naye huonyesha faida ya kiambishi hiki: Shigeru Miyamoto, mbunifu wa kampuni ya Nintendo, alimbuni kwa ajili ya Donkey Kong, gemu ya mwaka 1981, wakati gemu yenye jina la Mario mwenyewe ilikuwa bado haijabuniwa.