Raba Nunua Jioni

Siku ya tatu baada ya kukimbia nusu marathon hapa Moshi, kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia iligeuka nyeusi tii. Mwezi uliofuata iling'oka yenyewe nikiwa navua soksi.

Kupanda kuelekea Mweka hakukuniuma kidole hata kimoja. Kilichoniponza ni kushuka. Ukiteremka, mguu unasukumwa mbele ndani ya kiatu na vidole vinagonga ncha kila hatua, na kutoka kule juu hadi uwanja wa Ushirika hatua ni maelfu. Zile raba nilizinunua saa mbili asubuhi, mguu umetoka kulala, nikiwa peku. Nilihisi zinabana kidogo, muuzaji akanituliza: "Itaachia tu, dada." Kweli, kiatu huweza kuachia kidogo upana. Urefu hauachii hata ukikivaa miaka mitano.

Siku hizi naenda saa kumi jioni. Mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na ukikimbia kwenye joto la Februari la huku kwetu huvimba zaidi. Nabeba soksi zilezile za kukimbilia. Navaa raba zote mbili, nasimama wima, kisha nabonyeza mbele ya kidole kirefu: lazima pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Miguu ya watu wengi hailingani, kwa hiyo fuata ule mkubwa. Namba iliyoandikwa usiiabudu, maana 40 ya kampuni moja ni 39 ya nyingine. Kama soli ya ndani inatoka, itoe uikanyage. Nyama ya mguu ikimwagika pembeni, kiatu ni chembamba.

Wengi wetu tunanunua mtumba, nami soko la Memorial hapa Moshi ni kwangu. Ila raba ya mtumba ina siri zake, na muuzaji ameshaipiga brashi ikang'aa. Ikunje: inapaswa kupinda pale vidole vinapopindia. Ikijikunja katikati kama chapati, irudishe. Iweke mezani uitazame kwa nyuma; ikilalia upande mmoja, mwenye nayo wa kwanza ameshaila, na itakulazimisha ukanyage kama yeye. Halafu bonyeza soli kwa kidole. Sponji iliyokaa miaka hukauka na gundi huchoka, hata kama juu panaonekana papya. Kwa kawaida raba ya kukimbilia hudumu kilomita 500 hadi 800. Ukikimbia kilomita 20 kwa wiki, hiyo ni kama miezi sita hadi tisa, na ya mtumba imeshakula sehemu yake huko ilikotoka.

(Nyeupe sinunui tena. Udongo wetu unaujua.)

Mama yangu hakimbii, anatembea, na anaishi na sukari. Nilimnunulia raba ya soli nene laini kama godoro nikidhani namtendea wema, kumbe kifundo kilikuwa kinayumba kwenye mawe ya njia ya kwetu. Sasa ana ya soli ya wastani, ngumu kidogo kisiginoni, pana mbele. Kwa kuwa sukari huweza kupunguza hisia za miguu, kokoto inaweza kumkata asijue. Kwa hiyo kabla ya kuvaa anapitisha mkono ndani ya kiatu, na usiku anakagua nyayo.

Kwa wanaoshuka milima: kuna kitundu cha mwisho cha kamba, karibu na kifundo, ambacho wengi hukiacha. Ingiza kamba humo upande uleule ibaki kama pete ndogo, kisha pitisha ya kushoto kwenye pete ya kulia na ya kulia kwenye ya kushoto, vuta, funga. Kisigino kinakaa nyuma, vidole vinabaki na nafasi yao. Juzi nimeshuka Mweka hivyo, na kucha zote kumi ninazo.