Muulize Fundi: Land Rover ya marehemu baba imeoza, niitengeneze au niiuze?

SWALI

Shikamoo Fundi. Mimi ni mtoto wa mwisho, naishi Kibosho, na kwa desturi yetu nimebaki na kihamba cha baba, yaani shamba la ukoo. Pamoja na migomba na mibuni nimeachiwa Land Rover 109, pikapu ya petroli. Kadi inasema ni ya 1974. Marehemu aliibebea kahawa kwenda chama cha msingi, majani ya ng'ombe, na siku za misiba alibeba ukoo mzima. Sasa imesimama miaka mingi chini ya mparachichi na kuku wanatagia ndani. Sakafu ya upande wa dereva imetoboka, kile chuma cha nyuma penye ndoano ya kuvutia kimekatika, milango imelegea, rangi imechunika. Tangu lile tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024, madalali hawakauki hapa nyumbani. Wa mwisho ametaja milioni tatu na nusu. Fundi mmoja wa Moshi mjini anasema atapiga puti (ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi) na rangi, afunge injini ya Toyota, na baada ya wiki tatu naendesha. Kaka zangu walioko Dar wanasema niwaite watu wa chuma chakavu. Je, gari hili linafaa kutengenezwa au najidanganya kwa sababu ni la baba?

Kitindamimba, Kibosho

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa mzee.

Huyo fundi wa wiki tatu mwambie asubiri kwanza, maana anataka kuanza na sehemu isiyoumwa. Bodi ya Land Rover za zamani ni ya alumini. Waingereza walipoitoa mwaka 1948, chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita, alumini ikawa rahisi kupata, wakaitumia. Ndiyo sababu madigadi ya mzee bado ni mazima ingawa mvua za Kibosho zimeyanyeshea miaka yote hiyo. Alumini haipati kutu nyekundu. Ukiona unga mweupe, hapo ni mahali alumini imekalia chuma na maji yakaingia katikati. Inaliwa, ndiyo, lakini bati lake unakata na kupiga riveti jipya. Kutu inayokutisha inatoka kwenye vitu viwili: chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari lote, na ule ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva. Hivyo viwili ndiyo gari lenyewe. Vingine vyote vimefungwa hapo kwa bolti, na bolti hufunguliwa.

Singasinga aliyenifundisha kazi hapa Unga Limited, Arusha, alikuwa hafungui boneti ya gari linaloletwa kukadiriwa. Anaingia chini na nyundo ndogo, mwenye gari anabaki amesimama anaeleza habari za injini, hakuna anayemsikiliza. Na wewe fanya vivyo hivyo. Inua gari, ulikalishe juu ya magogo manene ya uhakika, usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Kwanza osha tope lote. Udongo wa mlimani ukiganda kwenye chesisi unashika unyevu hata kiangazi, na chini yake ndiko kutu inakofanyia kazi bila kuonekana.

Chesisi ya 109 si chuma kimoja kizima. Ni bati nene la milimita 2 lililochomelewa pande nne likawa boksi refu. Maji na tope vinaingia ndani, vinakaa, na chuma kinaoza kutoka ndani kuja nje. Kwa nje unaweza kuona rangi nyeusi safi kabisa. Kwa hiyo gonga. Chuma kizima kinalia; kilichooza kinajibu kama papai. Ukisikia hivyo, chukua bisibisi usukume kwa nguvu. Ikizama, weka alama ya chaki, uendelee. Usione huruma ya kutoboa, kwani tundu unalolitoboa leo lilikuwa tayari tundu. (Wanaonunua za watu: chesisi iliyopakwa lami nene mwezi huu, muulize mwenyewe anaficha nini.)

Hicho chuma cha nyuma kilichokatika hakinipi wasiwasi. Magurudumu yanakirushia tope maisha yake yote, kwa hiyo ndicho huwa cha kwanza kuoza, na kinatengenezwa kipya. Hata ile mikono mifupi ya pembeni inayobeba sakafu na bodi, ichore kwa chaki usonge mbele. Mahali pa kuamulia ni pale springi zinaposhikwa. Springi ziko nne, kila moja inashikwa mbele na nyuma, kwa hiyo una sehemu nane za kugonga. Uzito wote wa gari, mzigo na mashimo ya barabara ya Kibosho unaishia hapo. Zikiwa nzima, au moja tu imeanza kuliwa, chesisi inaokoleka. Zikioza kadhaa, na boksi kuu lenyewe likazama bisibisi hapa na pale, usianze kuchomelea viraka. Utachomelea kiraka kwenye kutu, kutu itaachia pembeni ya kiraka, na siku hiyo utakuwa umepakia watu. Hapo tafuta chesisi nyingine. Huko Uingereza bado wanatengeneza mpya zilizochovywa kwenye zinki, lakini ukijumlisha meli na ushuru utakaa chini kwanza.

Ukiwa chini hukohuko, nenda mbele upande wa kulia, pale springi ya mbele inaposhikwa na ncha ya chesisi. Sugua taratibu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Namba ya chesisi imegongwa hapo. Ilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu, kisha ipige picha. Mchomeleaji yeyote atakayekuja mwonyeshe kipande hicho na umwambie hakikatwi wala hakipigwi jiwe la kusagia. Nimeona gari zuri sana limetengenezwa kwa fedha nyingi, namba ikaenda na kipande kilichotupwa, na mwenyewe akawa hawezi kuliuza wala kulieleza mbele ya askari.

Sasa ule ukuta. Ingia ndani, toa mazulia kama yapo, na kuku pia. Sakafu iliyotoboka ni bati, fundi yeyote mwenye subira anaikunja. Ninachotaka uangalie ni nguzo zinazobeba milango, na pembe mbili za juu chini ya kioo cha mbele. Fungua mlango, ushike kwenye ncha, uunyanyue. Ukicheza kwenye bawaba tu, umechakaa pini, gharama ndogo. Nguzo ikitikisika pamoja na mlango, basi ukuta umeoza chini, na kumbuka stelingi na pedeli zote zinashikwa na ukuta huohuo. Kazi hii haifai kwa fundi wa puti. Njoo nayo Arusha, waulize mafundi wanaorefusha Land Cruiser za watalii. Wale wanakata na kuunga bodi mwaka mzima, macho yao yanajua kama mlango utafunga kabla hawajawasha mashine.

Injini nimeiacha hadi hapa kwa makusudi. Ya asili ni ya lita 2.25, mvivu lakini mvumilivu, na karibu kila kitu chake kinafunguliwa kwa spana za kawaida. Usiivute gari kwa trekta eti iwake, wala usipige stata. Toa plagi zote nne, mimina oili laini kidogo kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, kisha izungushe kwa mkono kwa ile hendeli ya mbele. Ikizunguka, hata kwa uzito, una pa kuanzia. Habari ya injini ya Toyota siipingi kwa mtu anayetaka gari la kazi tu. Ziko nyingi hapa zinazotembea hivyo. Ila namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe Mamlaka ya Mapato (TRA). Halafu ukiweka injini yenye nguvu kuliko ya kwanza, nguvu inakwenda kutafuta sehemu dhaifu, na kwenye gia boksi itaipata. Na madalali wanaokuja kwako wanaitaka kwa sababu haijachokonolewa.

Breki zote zifunguliwe, bila mjadala. Mipira yote mipya.

Kabla ya cheche ya kwanza ya kuchomelea: tangi la petroli la gari hili liko chini ya kiti cha kulia. Litolewe nje kabisa, lipelekwe mbali. Tangi tupu lenye mvuke ni la hatari kuliko lililojaa. Betri nayo ikatwe.

Kuhusu fedha, sitakutajia jumla, kwa sababu jumla ndiyo inayowaponza watu. Fundi akisema "nipe milioni kadhaa gari lote", hakuna anayejua ananunua nini. Mpe orodha ya alama zako za chaki, akutajie bei ya kila moja, umlipe kipande kikimalizika na umekigonga mwenyewe. Na usinunue tairi, viti wala rangi mpaka chesisi iwe imesimama kwa magurudumu yake. Moshi na Arusha zimejaa magari yaliyopakwa rangi ya kung'aa huku chesisi inasubiri fedha ambayo haikuja tena. Rangi ya Land Rover ya kihamba hata ya brashi inatosha.

Kuna jambo hukuuliza na nalijibu hata hivyo. Kihamba umeachiwa kwa desturi, lakini kadi ya gari ina jina la marehemu. Sasa hivi kaka zako wanasema ni chuma chakavu. Subiri ing'ae, iwashe taa, ipite Moshi mjini Jumapili, utasikia ni gari la ukoo. Kaeni kikao sasa, wakati linalaliwa na kuku. Muandike muhtasari, msimamizi wa mirathi ateuliwe mahakamani, kadi ibadilishwe jina. Hofu ya madeni ya ile ada ya kila mwaka usiwe nayo sana: ilifutwa mwaka 2017, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Lakini pita TRA wakuthibitishie hali ya kadi yenyewe kabla hujatoa hata shilingi ya kuchomelea.

Ukinibana nitoe hukumu kwa ulichoniandikia: sakafu, chuma cha nyuma, milango, rangi. Hayo ni maradhi ya kawaida ya gari la umri huo, sijaona hapo cha kuliua. Sehemu nane za springi zikilia vizuri na namba ikasomeka, lina haki ya kutengenezwa, taratibu, msimu wa kahawa hadi msimu, kama gari la kazi na si la maonyesho. Zisipolia, uza. Ila usiuze kwa kilo. Gia boksi, difu, milango, kadi yenye namba inayosomeka, vyote vina wanaovitafuta. Dalali aliyetaja milioni tatu na nusu bila kuingia chini ya gari anajua anachokifanya, na wewe mjibu ukishatoka chini.

SWALI

Fundi, hapa Usa River kuna mzee anauza Peugeot 404, saluni, ya miaka ya sitini. Injini inawaka kwa mara moja. Kutu ni kidogo tu kwenye vizingiti vya milango. Nichukue?

Msomaji, Tengeru

JIBU

Najua kinachokuvuta. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, na mbili za katikati aliendesha Bert Shankland aliyekuwa akiishi hapa Tanzania. Wazee wengi wanalipenda kwa hilo tu.

Lakini yote niliyomwambia ndugu wa Kibosho yageuze. Peugeot hiyo haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi, na vizingiti vya milango ndivyo vinavyoishikilia isipinde katikati. "Kutu kidogo" hapo ni habari kubwa. Fungua milango ya upande mmoja, uifunge, usikilize inavyofunga. Kisha inua upande huo kwa jeki, weka gogo, uifunge tena. Ikianza kugoma au kusugua, gari limeshalegea mgongo. Baada ya hapo fungua boneti uangalie pale shokapu za mbele zinapofika juu: bati likiwa limeumuka au lina nyufa kuzunguka bolti, mshukuru mzee, mpe hela ya chai, urudi Tengeru kwa daladala. Yote yakiwa sawa, nunua hata kama injini ingekuwa haiwaki.