NC State 1983: mnaosema walibahatisha hamjawahi kusimama kwenye mstari

Mkuu, umeuliza kama ubingwa wa kikapu wa chuo cha NC State wa 1983 ulikuwa bahati tupu, maana timu iliyofungwa mechi 10 ndani ya msimu mmoja haikupaswa hata kunusa fainali ya vyuo vya Marekani. Nami niliamini hivyo, mpaka yaliponikuta.

Nilicheza kikapu chuoni, namba tano, yule mrefu wa chini ya kikapu. Ribaundi (kudaka mipira iliyokosa) nilikuwa nazo, mitupo huru, ile unayopewa mstarini ukifanyiwa faulo, sina. Nusu fainali moja tunaongoza kwa pointi nne, zimebaki dakika mbili, kila nikidaka mpira jamaa ananikumbatia. Nikadhani amechanganyikiwa, kumbe kocha wao kapiga hesabu. Nilirusha sita, nikaingiza mmoja. Pale mstarini kelele za ukumbi huzisikii, unasikia pumzi yako na mpira unavyogonga chuma. Tukafungwa kwa pointi moja. Kwenye basi hakuna aliyenisemesha, na nawaelewa.

Sasa hiyo ya kufanya faulo makusudi ndiyo iliyokuwa kazi ya Jim Valvano, kocha wa NC State, msimu mzima. Siku zile mashindano ya kitaifa ya vyuo hayakuwa na saa ya kuhesabu sekunde za shambulizi (ilikuja msimu wa 1985-86), kwa hiyo anayeongoza angeweza kuuficha mpira hadi filimbi ya mwisho. Halafu kulikuwa na sheria ya mtupo wenye masharti: ukikosa wa kwanza, wa pili hupewi. Valvano akaona mlango hapo. Ukiwa nyuma, mfanyie faulo mtu wao, mpe nafasi ya pointi mbili, omba akose wa kwanza, chukua mpira. Wengi waliona ni wazimu.

Hizo mechi 10 nazo zina maelezo. Dereck Whittenburg, mfungaji wao wa mbali, alivunjika mguu Januari wakicheza na Virginia, akarejea msimu ukielekea ukingoni. Aliporudi, wakabeba kombe la ukanda wao wa ACC kwa kuwatoa Wake Forest kwa pointi moja, kisha North Carolina ya Michael Jordan katika muda wa nyongeza, kisha Virginia ya Ralph Sampson. Bila kombe lile sidhani kama wangealikwa kwenye mashindano ya taifa.

Huko wakawatoa UNLV (chuo cha Las Vegas) 71-70 na Virginia tena, 63-62. Hiyo ya Virginia naipenda kuliko hata fainali, kwa sababu zangu. Wako nyuma 62-61, zimebaki sekunde 23, anayekwenda mstarini ni Lorenzo Charles, kijana wa mwaka wa pili. Akaingiza yote miwili. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu.

Fainali ilikuwa Albuquerque, Aprili 4, dhidi ya Houston: Clyde Drexler, Hakeem Olajuwon, ushindi 26 mfululizo, danki (kuugandamiza mpira kikapuni kwa mkono) kila kona. Drexler alikula faulo nne kipindi cha kwanza, na mapumziko NC State wako mbele 33-25. Houston wakarudi kwa fujo hadi 42-35, halafu kocha wao akaamua kupunguza kasi. Mji ule uko juu, zaidi ya mita 1,500, Olajuwon alikuwa anavuta hewa ya mtungi benchini, kwa hiyo kocha sababu anayo. Ila kwangu mimi alikosea. Ukiwa na timu inayokimbia vile na mitupo huru ni ugonjwa wenu, unampunguzia nani kasi? NC State wakaanza kuwapeleka mstarini mmoja mmoja. Ikiwa 52-52, zimebaki kama dakika moja na ushee, Alvin Franklin akakosa ule wa kwanza. Mwisho Whittenburg akatupa kutoka mbali sana, mpira haukufika hata kwenye chuma (yeye anadai ilikuwa pasi, mwache), Charles akaudaka hewani akaudanki. 54-52. Valvano akawa anazunguka uwanjani anatafuta wa kumkumbatia.

Sikatai bahati ilikuwepo, ila watu wanaitafuta kwenye hiyo danki. Rudi mechi yao ya kwanza kabisa ya mashindano ya taifa, na chuo cha Pepperdine. Muda wa nyongeza, NC State wako nyuma kwa pointi sita, imebaki kama dakika moja. Faulo zikaanza, na aliyepelekwa mstarini ni Dane Suttle, mrushaji wao hodari, si mtu wa kukosa. Akakosa, akapelekwa tena, akakosa tena. NC State wakashinda 69-67 baada ya nyongeza mbili. Valvano alikuwa na hesabu ya watu kama mimi, mkuu. Ya Suttle hakuwa nayo mtu yeyote.