Magari 31 chini ya mti mmoja

Maswali yenu kuhusu safari za hifadhini. Anayejibu ni dereva mstaafu wa watalii.

SWALI: Shikamoo mzee. Desemba iliyopita tuliwapeleka watoto Serengeti. Tulitoka Mwanza kwa basi hadi Arusha, tukachukua gari la watalii huko. Siku ya pili, tukiwa Seronera, katikati ya hifadhi, dereva alisikia kwenye redio kwamba kuna chui mtini, akakimbiza gari. Tulipofika nilihesabu magari 31. Vumbi tupu, injini zinanguruma, watu wamesimama juu ya viti. Mwanangu wa miaka 6 aliambulia mkia. Mwaka huu wanataka kurudi, na likizo yangu ni Desemba tena. Je, Serengeti inaweza kuonekana bila foleni?
*Mama wa watatu, Mwanza*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimeendesha watalii miaka 24 na foleni kama hiyo nimeiingia mara nyingi, kwa hiyo ngoja kwanza nikueleze inavyozaliwa.

Dereva mmoja anamwona chui kwenye mvungunya kando ya Mto Seronera. Anawaita wenzake kwenye redio, kwa sababu jana yeye ndiye aliyeitwa. Sisi tulikuwa tukitaja wanyama kwa mafumbo, simba tukimwita sharubu, ili mgeni asije akapandisha matumaini bure. Haichukui muda, kila gari lililo karibu limeshajua. Na kila dereva anakwenda, hata yule asiyependa, maana anaogopa jioni. Mgeni wake atakaa mezani na wa gari lingine, asikie "sisi leo tumemwona chui", kisha lawama zote zimwangukie dereva.

Kwa hiyo dawa ya kwanza inaanzia kwenye mazungumzo yenu na dereva usiku wa kuamkia safari, kabla hamjaingia hata kwenye gari. Mwambie wazi: "Kaka, hatukudai chui. Redio ikiita, tuulize kwanza. Tukikuta magari zaidi ya matano, tupite." Utaona mabega yake yanavyoshuka. Familia moja iliniambia hivyo miaka mingi iliyopita, baba, mama, watoto wawili na bibi yao. Siku ile sikufuata mwito hata mmoja. Karibu na vilima vya mawe vya Moru tulimkuta duma jike na watoto watatu, tukazima injini, tukakaa saa moja na nusu peke yetu. Mama duma alilala, akaamka, akapanda kichuguu akatazama mbali, akarudi kuwalamba wanawe. Bibi hakupiga picha hata moja. Alikaa ameshika dirisha, akawa anamnong'onezea mjukuu wake kila alichokiona.

Na kwa kuwa nimemtaja duma, nakusihi sana juu yake. Duma huwinda mchana, saa zilezile tunazozunguka na magari. Utafiti uliofanywa Maasai Mara, Kenya, ukachapishwa mwaka 2018, ulionesha kwamba sehemu zenye watalii wengi duma jike alilea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 tu kwa kila uzazi, na sehemu zenye watalii wachache alilea 2.3. Tangu nisome takwimu hizo, nikikumbuka duara za magari nilizowahi kukaa ndani yake, roho huniuma. Ukimkuta duma amezungukwa, ondoka, hata kama watoto watalalamika. Waeleze sababu, wataelewa.

Halafu kuna suala la saa. Magari mengi hutoka watu wakishakunywa chai, hurudi kambini kwa chakula cha mchana, hutoka tena jua likipungua. Nyinyi tokeni saa 12 asubuhi, mara tu inaporuhusiwa kuendesha. Chai iwe kwenye chupa, chapati kwenye kopo, na mle mahali palipotengwa kwa kushuka. Mchana msirudi. Kati ya saa 6 na saa 9 Seronera hutulia, na ingawa simba wamelala, tembo wanatembea, na viboko wa bwawa la Retima wapo palepale wakigombana. Watoto wanapenda viboko kuliko wazazi wanavyodhani.

Haya yote yanawezekana tu mkilala ndani ya hifadhi. Aliyelala nje ya geti huingia pamoja na wote waliolala nje ya geti. Kama hoteli ni ghali, hifadhi ina nyumba yake ya wageni Seronera, na kuna kambi za umma za mahema. Lipeni mapema kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwani getini hawapokei fedha taslimu, na hapo pia hupoteza asubuhi nzima mtu asiyejiandaa.

Sasa njia. Mwanangu, umekaa Mwanza ukazunguka hadi Arusha! Geti la Ndabaka liko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, kando ya ziwa. Ukipitia Arusha unakatiza eneo la Ngorongoro na kulipia huko nako, ndipo ufike geti la Naabi pamoja na msafara mzima wa kaskazini. Ukiingia Ndabaka unafuata ukanda wa magharibi, unapita Kirawira na Mto Grumeti wenye mamba wakubwa, na unaweza kwenda muda mrefu bila kupishana na gari la watalii. Tatizo la njia hiyo ni udongo. Ni ule mweusi wa mbugani, na Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha. Ukilowa unanata kama ugali mbichi, na gari dogo halitoki. Chukueni gari linalovuta magurudumu yote manne na dereva aliyewahi kupita huko, na asubuhi ile muwaulize askari wa getini hali ya barabara kabla ya kuingia. Wakisema msiingie, zungukeni hadi geti la Ikoma.

Mkishafika Seronera msikae hapo siku zote. Watu hufuata nyumbu, na Desemba nyumbu wanateremka kusini kwenye majani mafupi ya Naabi na Ndutu. Nendeni kaskazini, Lobo. Simba wa Lobo hawahami na nyumbu, wana himaya yao, na huota jua juu ya mawe makubwa asubuhi. Kuna kambi ya umma pia. Ningekuwa na usiku tatu, mbili ningelala Lobo.

Tarehe nazo ziangalieni. Shule zikifunga tu, ondokeni. Wiki ya Krismasi hadi Mwaka Mpya ndiyo inayojaa, wageni wa nje na sisi wenyewe kwa pamoja.

SWALI: Mzee, shikamoo. Nataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, ila nasikia Agosti pale Kogatende, kaskazini mwa Serengeti kando ya mto huo, ni kama stendi ya mabasi. Nifanyeje?
*Kijana wa Temeke, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba kijana wangu. Agosti hutakuwa peke yako, hilo lipokee. Ukiweza kusogeza likizo, njoo mwishoni mwa Septemba au Oktoba. Nyumbu hawavuki mara moja wakamaliza. Huvuka kwenda na kurudi kwa kufuata mvua na majani, na wakati huo magari yamepungua.

Kama ni Agosti tu, vuka daraja la Kogatende uingie upande wa Lamai, ng'ambo ya mto, na utenge siku tatu badala ya moja. Mwenye siku moja ndiye anayembana dereva aende ukingoni kabisa. Kundi likianza kukusanyika, simameni mbali, nyuma ya vichaka, mpaka wa kwanza waingie majini. Magari yakiwahi kukaa kwenye njia ya kushukia, nyumbu hugeuka, au huruka mahali penye ukingo mkali na kuvunjika miguu. Nimeyaona hayo kwa macho yangu na sitaki uyaone. Wakishaanza kuvuka mstari haukatiki upesi, kwa hiyo sogeeni taratibu, mtaona yote. Wala usishuke kwenye gari, hata kama wenzako wameshuka.

Wasipovuka siku ya kwanza, kaeni palepale na chakula chenu. Mimi niliwahi kusubiri na wageni tangu asubuhi hadi saa 10 alasiri. Magari mengine yalichoka, yakaondoka moja moja. Walipovuka tulikuwa tumebaki magari matatu.