Naloksoni kwanza au kifua kwanza?

Ndugu, umeuliza mtu akizidisha unga (heroini) mpaka moyo ukasimama, watu wa ambulensi waanze na sindano ya naloksoni, ile dawa inayopinga nguvu ya heroini, au kukandamiza kifua. Kifua na pumzi kwanza! Heroini inazima pumzi, oksijeni inaisha mwilini ndo moyo unafuata, kwa hiyo huyu anataka hewa haraka sana, mpulizieni kwa maski na oksijeni, mkandamizo 30 pumzi 2, kasi 100 hadi 120 kwa dakika, mashine ya kushtua moyo iwe tayari. Naloksoni haiwashi moyo uliosimama, kama kuna mwenzenu yuko huru aidunge sawa ila msiache kukandamiza eti mnatafuta mshipa jamani. Kazi yake kubwa ni pale mapigo bado yapo ila hapumui, hapo unaanza na 0.4 mg unaongeza taratibu hadi apumue vizuri, sio lazima aamke kabisa. Na msimwache aondoke zake, nguvu ya naloksoni inaisha kwenye dakika 30 hadi 90, kama alikunywa methadoni, dawa ya jamii ya heroini inayokaa mwilini muda mrefu zaidi, pumzi zinaweza kukata tena. Ikiwa kilichomdhuru sio heroini bali ni dawa ya wadudu ya jamii ya oganofosfeti ni habari nyingine, hapo atropini (dawa inayopinga sumu hiyo), nyinyi vaeni glavu, na nguo zenye sumu mvueni.