Bunduki ya bei nafuu kwenye mashindano ya shabaha: pesa iende wapi kwanza

Kwenye shabaha ya mita 50 inayotumika katika mashindano ya ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, duara la kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Risasi ya .22 ina kipenyo cha milimita 5.6, na tundu lake likigusa tu mstari wa kumi, unapewa kumi. Piga hesabu: kitovu cha tundu kinaweza kukaa milimita 8 kutoka katikati na bado ni kumi. Kwa hiyo bunduki inayokusanya matundu yake ndani ya milimita 16, kitovu kwa kitovu, haikunyimi kumi hata moja. Kwa bunduki ya upepo ya mita 10, duara la kumi ni nukta ya nusu milimita na peleti ni ya milimita 4.5, hivyo mkusanyiko unaohitajika ni wa milimita 5. Mashindano yanayohesabu desimali hadi 10.9 yanadai zaidi ya hapo, lakini anayeanza na mfuko mwembamba hapotezi alama zake kwenye desimali. Anazipoteza kwenye saba na nane.

Ndiyo maana tunashauri pesa iende kwa mpangilio huu: risasi kwanza, kisha lengeo la nyuma (kile kitundu cha kulengea kilicho karibu na jicho), kisha mkanda unaofunga bunduki kwenye mkono na koti, na bunduki yenyewe mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume, wananunua bunduki ya kung'aa halafu wanailisha risasi za bei ya chini kuliko zote. Klabu ikiwa na bunduki za kuazima, msimu wa kwanza utumie hizo, huku kibali chako kikishughulikiwa kwa taratibu za sheria, na wewe ukinunua vile vinavyokaa mwilini mwako. Koti na mkanda utahama navyo hata ukibadilisha bunduki mara tatu.

Tuanze na risasi, maana hapa ndipo kuna faida kubwa kuliko pengine popote. Ziache kabisa risasi za .22 za kasi ya juu. Zinatoka mtutuni zikiwa na kasi kuliko sauti, kisha hewa inazipunguza, na ajabu ni kwamba upepo wa pembeni huzisukuma zaidi kuliko zile za kasi ya kawaida. Chukua za kasi ya kawaida, zinazotoka kwa mita 320 hadi 330 hivi kwa sekunde. Huna haja ya kukimbilia Eley Tenex au RWS R50. Daraja la katikati, kama SK Standard Plus, linatosha kwa msimu mzima wa kwanza, mradi umepata toleo, yaani kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, ambalo mtutu wako unalikubali. Kila sanduku lina namba ya toleo, na matoleo mawili ya aina ileile yanaweza kutofautiana kuliko aina mbili za bei tofauti.

Kulijua toleo hilo ni kazi ya asubuhi moja. Nunua sanduku moja moja la risasi 50 la aina au matoleo manne. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, mfuko wa mbele ukae mahali palepale chini ya kitako, yaani ule mwili unaobeba mtambo na mtutu, kila mara, tena si chini ya mtutu. Kila unapobadilisha aina, piga risasi 10 kwanza bila kuzihesabu, kwa sababu nta ya risasi zilizotangulia imebaki mtutuni na risasi mpya hazitatulia mpaka waipake yao. Zinazobaki 40 zipige katika mikusanyiko minne ya risasi 10. Usimwamini mtu anayekuonyesha mkusanyiko mmoja wa risasi tano. Tano zinaweza kubahatika. Pima ukingo wa nje wa matundu mawili yaliyo mbali zaidi, kisha toa kipenyo cha tundu moja ulilolipima peke yake kwenye karatasi hiyohiyo, maana karatasi hujikunja na tundu huonekana dogo kuliko risasi. Toleo lenye wastani mdogo wa mikusanyiko yote minne ndilo la kununua, na ununue la kutosha msimu mzima kwa mkupuo. Mashindano ya risasi 60 pamoja na za majaribio hula karibu 80, kwa hiyo weka masanduku mawili kwa kila shindano.

Kwa peleti hali ni nyepesi. Chukua za kichwa bapa, zenye uzito wa gramu 0.53 hivi, ujaribu vipimo vya kichwa vya 4.49, 4.50 na 4.51. Zitazame kabla ya kupakia: sketi, yaani ukingo wa nyuma wa peleti, ikibonyea huvujisha hewa upande mmoja, na peleti huenda inakotaka.

Sasa bunduki. Kwa .22 ya mtumba, jina linalotafutwa ni Anschütz yenye mtambo wa 54, yaani 1407, 1411 au 1413. BSA Martini International nayo ni nzuri, ingawa haitengenezwi tena na vipuri vyake ni vya kuwinda. Ukipata bunduki ya aina hizi imechubuka mbao na kupauka rangi, furahi, kwa sababu michubuko hushusha bei na haigusi shabaha. Kinachogusa shabaha ni hiki. Hakikisha chemba ni tupu, toa bolti, angaza mtutu. Pete nyeusi katikati ya mtutu ni dalili ya uvimbe: risasi iliwahi kukwama na nyingine ikapigwa nyuma yake. Pitisha kitambaa kinachobana, ukisukuma polepole kutoka nyuma kwenda mbele. Mkono ukihisi kulegea ghafla mahali fulani, rudisha bunduki kwa mwenyewe. Kisha zungusha kipande cha pamba kwenye ukingo wa mdomo wa mtutu. Pamba ikinasa nyuzi, ukingo umejeruhiwa. Hilo fundi wa bunduki anaweza kulisawazisha, basi litumie kupunguza bei. Ukoko wa kaboni mbele tu ya chemba ni jambo la kusafisha, si la kukimbia.

Tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimetafunwa, ujue wajuzi wa mtaani wamepita humo. Piga risasi chache na utazame alama za pini inayogonga risasi kwenye maganda: ziwe na kina kimoja. Alama za juujuu au zisizolingana ni dalili kwamba springi ya pini imechoka, na springi iliyochoka huwasha baruti bila usawa, risasi zikatawanyika juu na chini. Wapo wanaouza bunduki nzima kwa hasira kwa sababu ya springi.

Upande wa upepo, kwa bajeti ndogo epuka bunduki yenye silinda ya hewa mpaka usome tarehe iliyochongwa juu yake. Silinda zina muda wa matumizi uliowekwa na mtengenezaji, kwa kawaida miaka 10, na ukaguzi wa mashindano unaweza kukukatalia iliyopitwa. Bei rahisi ya bunduki kama hiyo mara nyingi ni bei ya silinda iliyokufa, na bado utahitaji pampu au tangi la kujazia. Zinazofaa zaidi ni zile zinazobanwa kwa mkono mara moja kwa kila peleti: Feinwerkbau mfululizo wa 600, Walther LGR, Anschütz 2002 ya wenzo. Hazihitaji chochote zaidi ya mkono wako, na hewa yake hutoka sawasawa. Sili zake, yaani vizuizi vya hewa kuvuja, huzeeka. Bana hewa, subiri dakika moja, piga, ulinganishe na pigo la kawaida. Tofauti ikionekana kwenye karatasi, sili inavuja. Feinwerkbau 300S ya springi pia ni imara. Diana 75 na ndugu zake wa pistoni mbili zinapendeza, ila sili zao za zamani za plastiki huoza, basi muulize muuzaji kama zimebadilishwa.

Lengeo la nyuma linastahili aya yake. Umbali kati ya lengeo la mbele na la nyuma ukiwa milimita 800, kila sehemu ya kumi ya milimita ambayo lengeo la nyuma linasogea huhamisha tundu milimita 6 na zaidi kwenye mita 50. Upana wa duara moja ni milimita 8. Maana yake lengeo lililolegea kiasi kisichoonekana kwa jicho linaweza kukupeleka kutoka kumi hadi tisa bila wewe kukosea kitu. Lipime hivi: ukiwa kwenye mifuko ya mchanga piga risasi tano, sogeza lengeo kliki 20 (mibofyo ya kirungu chake) kulia, piga tano, 20 juu, piga tano, 20 kushoto, tano, 20 chini, tano. Mkusanyiko wa mwisho uangukie juu ya ule wa kwanza, na yote ichore mraba. Mraba ukipinda kidogo, bado kuna dawa: maliza marekebisho yote kwa upande mmoja. Ukitaka kwenda kushoto kliki tatu, nenda nane, kisha rudi tano. Mraba ukivurugika kabisa, nunua lengeo jingine kabla ya kununua kitu chochote. Na unapopatana bei ya bunduki ya mtumba, uliza kama lengeo limo. Wauzaji wengi hulitoa na kuliuza peke yake.

Pete ya lengeo la mbele, wanaoanza huipenda ndogo, wakidhani inalenga vizuri zaidi. Kinyume chake ndicho kweli. Pete ikibana weusi wa shabaha, jicho halioni tena kama weusi umekaa katikati. Kwa kupiga ukiwa umelala anza na pete ya milimita 3.8, na panda mpaka weupe kati ya pete na weusi uonekane bila kukaza jicho. Jicho lisilolenga usilifumbe, kwa maana uso mzima hukaza na jicho la kulengea huchoka. Kata kipande cha plastiki nyeupe kinachopitisha mwanga, kisichozidi milimita 30 kwa upana, ukibandike kwenye kofia au miwani mbele ya jicho hilo.

Koti la mtumba la turubai au ngozi linafaa hata likiwa limelainika, alimradi mpira wa kiwiko na wa bega haujaisha. Lisizidi unene unaoruhusiwa, milimita 2.5 kwa ISSF. Likikupwaya, mshonaji wa viatu atalibana. Mkanda uvaliwe juu kabisa ya mkono, karibu na bega. Ukikaa katikati ya msuli, mapigo ya moyo yatapita kwenye mkanda mpaka mtutuni, na utaona lengeo likirukaruka kwa mpigo. Glavu ya mashindano inaweza kusubiri, ila usishike bunduki mkono mtupu, kwa sababu kizuizi cha mkono kilicho chini ya kitako kitakuuma na utaanza kuhamahama katikati ya shindano. Mkeka wowote usioteleza unafaa.

Skrubu zinazofunga mtambo kwenye kitako zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa kubahatisha. Kwa kitako cha mbao wengi huanza na nyutoni-mita (Nm) 5, isipokuwa mtengenezaji ameandika kingine. Mikusanyiko miwili iliyojitenga kwenye karatasi moja mara nyingi ni skrubu hizi, au lengeo lililolegea kwenye reli. Mtawanyiko wa juu na chini ni pumzi, springi iliyochoka, au risasi zenye kasi isiyolingana. Wa kulia na kushoto ni upepo, kiwiko kilichohama, au kidole kinachovuta pembeni. Ukizijua dalili hizi utaacha kununua vitu ili kuponya ugonjwa usiokuwepo.

Kifyatulio kizito ni kikwazo halisi kwa bunduki za kawaida kama CZ 452, na springi nyepesi ni ya bei ndogo. Ukikirekebisha, kipime bila risasi: funga bolti kwa nguvu, kisha gonga kitako kwa kiganja mara kadhaa. Kikiachia hata mara moja, kiongezee uzito. Hakuna alama inayolipa kifyatulio cha hatari.

Mazoezi ya bila risasi ndiyo ya bei nafuu kuliko yote, ila bunduki ya springi usiifyatue tupu, pistoni itagonga na kuharibika. Kwa .22 tumia risasi bandia ya mazoezi, la sivyo pini inaweza kuumiza ukingo wa chemba. Lala, lenga, fumba macho, vuta pumzi mbili, fumbua. Lengeo likiwa limehama, usilirudishe kwa misuli; kiwiko cha kushoto kibaki palepale kama wewe ni wa mkono wa kulia, usogeze nyonga. Rudia mpaka macho yakifumbuliwa weusi uko ndani ya pete.

Upepo wa pembeni wa mita 2 au 3 kwa sekunde unatosha kuitoa .22 kwenye kumi, hivyo mazoezini simamisha vijiti viwili vyenye utepe mwepesi, mita 10 na mita 30 mbele yako. Kwenye mashindano ya ISSF vipimaupepo binafsi haviruhusiwi; utasoma bendera za uwanja. Kwa shabaha za karatasi, darubini ya kukuza mara 20 hadi 25 inaonyesha matundu ya mita 50 vizuri. Iweke pale utakapoiona kwa kugeuza jicho tu, shavu likibaki kitakoni.

Begi la siku ya shindano liwe na skrubu na spana zake, pini ya akiba, kitambaa cha kusafishia, na kipande cha uzi wa mashine ya kukatia nyasi wenye rangi kali. Uzi huo, ukipita mtutu mzima na kuchungulia pande zote mbili, ndio bendera ya usalama ya bei ndogo kuliko zote, na waamuzi wanautaka uwepo kila bunduki inapokuwa haitumiki. Andika kliki za lengeo kwenye kidaftari kabla ya kuondoka uwanjani, si ukifika nyumbani.