Mwalimu wa Kisumu auliza: kichwa kizuri cha habari za michezo ni kipi?

SWALI: Mhariri, mimi ni mlezi wa chama cha uanahabari katika shule moja ya upili hapa Kisumu. Wanafunzi wangu wanapoandika habari za soka, kila timu iliyoshinda "imeangamiza", hata kama mechi imeamuliwa na penalti moja. Nikiwakosoa, hujitetea kwamba kichwa kisicho na moto hakisomwi. Je, kichwa kizuri kina sifa gani? — Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako hawakosei kutaka kichwa chenye nguvu, ila nguvu hiyo hutoka katika tukio lenyewe, na kazi ya kwanza ya mtunga kichwa ni kulitambua. Chukua fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika ya mwaka 1987, ambayo huko kwenu haihitaji maelezo mengi. Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 na Esperance jijini Tunis, ikatoka sare tena ya 1-1 Nairobi, na kutwaa kombe kwa kanuni ya mabao ya ugenini, kwa kuwa ilifunga mawili Tunis na Esperance moja tu Nairobi. Kichwa "Gor yatoka sare Nairobi" kisingekuwa na uongo wowote, lakini kingeiacha habari yenyewe nje. "Sare yaipa Gor kombe la Afrika" kinabeba matokeo na maana yake kwa maneno sita tu. Isitoshe, siku hizi shabiki hulishika gazeti asubuhi akiwa amekwisha kuyasikia matokeo redioni au kuyaona kwenye simu, kwa hivyo kichwa kinachomtajia mabao peke yake hakimwongezei kitu.

Vitenzi navyo viwe na kipimo. Ushindi wa 5-0 unaweza kuitwa maangamizi. Bao moja la penalti linatosheka na "yailaza" au "yapenya". Na mechi ya Gor na AFC Leopards, inayoitwa debi ya Mashemeji kwa sababu jamii za mashabiki wa pande hizo mbili zimeoana, haifai hata kidogo kupewa vichwa vya vita na damu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni usahihi. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni kwa saa 1:59:40 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, kichwa "Kipchoge avunja rekodi ya dunia" kingevutia, lakini kingepotosha. Mbio zile hazikuwa za mashindano ya wazi, na wakimbiaji wa kumwekea kasi walikuwa wakipokezana njiani, hivyo rekodi rasmi ilibaki ile ya 2:01:39 aliyoiweka mwenyewe Berlin mwaka 2018. "Kipchoge akimbia marathoni chini ya saa mbili" ni kweli tupu, na sioni kama kinapungukiwa na moto wowote. Kelvin Kiptum alipotumia saa 2:00:35 Chicago mwaka 2023, hapo neno "rekodi" lilikuwa mahali pake.

Majina ya utani kama K'Ogalo (Gor Mahia) na Ingwe (AFC Leopards) yanafaa safu inapokuwa nyembamba, mradi sentensi ya kwanza ya habari itaje jina kamili la klabu.

Wape zoezi hili: mwanafunzi aandike habari kwanza, kichwa baadaye, kisha amsomee kichwa hicho mwenzake ambaye hakuitazama mechi na kumwuliza anadhani kulitokea nini. Jibu lisipolingana na habari, kichwa kiandikwe upya.